Spana, Uliyefaulu Kuliko Wote

Mwaka umezunguka, Spana, tangu asubuhi ile ulipokunywa chai yako umesimama, ukamwambia mkeo, "Bosi, nachelewa," ukavuka mlango. Jioni waliokuja walikuwa wenzako wa gereji. Walisimama pale kizingitini wamevua kofia.

Kalamu ameishika dada yako, kwa sababu kila mwingine akiishika anaishia kulia juu ya karatasi. Mama amemwonya asitukane mtu. Anajitahidi, lakini unamjua dada yako.

Tuanze na mazuri, maana yalikuwa mengi. Ulikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio ya baba uliifungua hujajua hata kuvaa viatu mwenyewe, ukachapwa, kesho yake ukaifungua tena uone ulikosea wapi. Jeshini walikupa malori uyaendeshe na kuyatengeneza, na huko ndiko ulikopata jina la Spana, mpaka mama naye akaliacha lile alilokupa yeye. Ukija likizo majirani walipanga foleni: huyu na pasi, yule na baiskeli, bibi wa nyumba ya kona na kiti chake cha magurudumu kilichokuwa kinavuta upande. Hukumtoza mtu. Ulisema tu, "Nipe chai, na sukari usinibanie."

Tunakumbuka ulivyonawa, sukari na sabuni ya unga kiganjani, unasugua mpaka kwenye kiwiko, grisi itoke kabla hujamgusa mtoto. Binti yako ulimwita Boliti. Mkeo ulimwita Bosi, na alipokutuma dukani ulimpigia saluti mbele za watu, akaona aibu, akacheka. Shemeji yako ulimfunga kwenye drafti miaka yote, na kila ukimfunga ulimuuliza kama aitiwe daktari. Utani wako uliudhi kweli. Tungelipa chochote leo tuudhiwe tena.

Kisha lori lako likakanyaga bomu la kutegwa ardhini. Ukatoka, ukajipangusa vumbi, ukapewa lori jingine. Hilo nalo, baada ya muda, likakanyaga. Hukuchubuka hata kidole! Wakakupiga picha ya kichwa, picha ikatoka safi, wakaandika: jeraha dogo la ubongo. Dogo. Dada yako angependa kumjua aliyelipima, amkaribishe akae nasi wiki moja tu, ale, alale, aone udogo wake.

Ulirudi una mikono yote na miguu yote, watu wakatupongeza. Sisi wa ndani ndio tulioanza kuona. Uliweka birika motoni bila maji mpaka likaungua. Ulitia chumvi, ukatia tena, ukaonja, ukakasirika, ukauliza nani ametia chumvi. Ulisema, "Niletee kile... kile cha..." kidole kinazunguka hewani, na kumbe ni kijiko tu, neno limekukimbia. Mwanga wa dirishani ulikuuma. Siku Boliti alipoangusha sahani ulimfokea kwa sauti ambayo hatukuijua, kisha ukajifungia bafuni. Mkeo alikusikia unalia humo, bomba umelifungulia ili usisikike.

Na majirani wale wale wa pasi na baiskeli wakaanza. Anavuta kitu huyu. Anajidekeza. Mbona mzima? Ama kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekatika mguu hupishwa kiti. Wewe ulipishwa njia, watu wakivuka upande wa pili wa barabara.

Ni mkeo aliyeletewa habari za kile chumba. Mke wa mwanajeshi mwenzako alimwambia kwamba hospitalini, mwisho wa korido, mahali palipokuwa stoo ya vitanda vibovu, yupo mtaalamu anayewafundisha wanajeshi waliopigwa na milipuko namna ya kukumbuka na kupanga mawazo upya. Ulikataa katakata.

"Hiyo ni ya vichaa."

"Basi twende wote," mkeo akakujibu, "maana na mimi umeshanitia kichaa."

Ukacheka, ukaenda. Tulikuwa hatujakusikia ukicheka muda mrefu.

Chumba kilikuwa na pazia zito kwa ajili yenu msiovumilia mwanga, meza, birika la umeme, kadi za picha, na saa kubwa ukutani. Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mwembamba, sauti ya chini, hacheki ovyo. Siku ya kwanza tu ukambatiza Kamanda. Alikueleza kwa lugha yako: "Injini yako haijafa. Waya zimelegea. Nyingine tutazikaza. Nyingine hazitakazika, hizo nitakufundisha kuendesha nazo hivyo hivyo." Hakukudanganya, na kwa hilo ulimpenda.

Alikufundisha kushika jambo moja kwa wakati mmoja. Kupumzika kabla kichwa hakijachemka. Funguo mahali pamoja, kila siku. Kengele ya simu ya dawa, kengele ya kumfuata Boliti shuleni. Na la kushinda yote, kutamka kila hatua kabla ya kuifanya: "Natia maji. Nimetia. Sasa nawasha." Nyumba nzima ikaambukizwa. Mama alikuwa anatangaza "Nakaa!" kabla ya kukaa, anakutania, nawe unamjibu, "Kaa, afande." Birika halikuungua tena. Sauti yako ilishuka. Boliti akarudi kukaa mapajani mwako, kwanza kwa woga, halafu bila woga. Kumbe dawa ilikuwepo, Spana! Ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwepo, na hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Wewe lakini ulitaka jambo moja tu: kurudi chini ya lori. Mwenye gereji ya mtaani, ulikokuwa ukifanya kazi ukija likizo, alikuwa tayari kukuchukua, ila alisema hamlazi mtu chini ya gari mpaka alete karatasi ya hospitali kwamba amepona. Hatuwezi kumlaumu. Basi Kamanda akakuomba umfundishe kuinua gari, kule uwanja wa nyuma wa hospitali, kwa kutumia kigari chake kibovu. Ukawa unatamka: zuia magurudumu, inua kwa jeki, weka stendi za chuma za kubeba gari, tikisa, ndipo uingie. Kuna siku ulifuata zote, mkeo akapiga makofi. Kuna siku uliinua tu, ukalala chali, ukataka kujisukuma ndani, na Kamanda akakudaka mguu.

"Umesahau nini?"

Ukatazama. "Sijasahau kitu."

"Stendi, Spana."

Mkeo anasema ulibaki umelala pale chini, unaangalia juu.

"Bado," Kamanda akakwambia.

"Mpaka lini?"

"Sijui. Huenda muda mrefu. Huenda usirudi chini kabisa, ukakaa mezani, ukafungua pampu na jenereta. Na hiyo nayo ni kazi."

Mlipofika nyumbani ulimwambia mkeo kwamba mtu hakulala miaka yote hiyo kwenye grisi aje kuzeeka akisafisha pampu za maji. Mkeo akasema pampu haijawahi kumwangukia mtu. Ukamwambia asikuletee uchuro.

Sasa, ile karatasi hakuitoa Kamanda. Ilitolewa na afisa wa vipimo aliyekuwa anakuja na mkoba wake kutoka makao makuu. Anakusomea maneno kadhaa, mambo ya kawaida tu, vitu vya nyumbani na wanyama. Anakuchoresha saa, anakupigisha stori kidogo, kisha anakwambia: haya, nitajie yale maneno. Kipimo kiliwekwa kionyeshe nani bado anahitaji kukaa kwenye tiba. Lakini ninyi ni wanajeshi. Mwanajeshi akimwona mtu na mkoba na maswali, haoni kipimo, anaona ukaguzi. Na ukaguzi ni wa kupita, na kambi inayojiheshimu haikubali mwenzao aumbuke.

Maneno yalikuwa yale yale, kwa kila mtu, kila mara. Ninyi mliokuwa mkingoja zamu kwenye benchi la korido mkaligundua hilo mapema. Hakuna mmoja wenu aliyeweza kuyashika yote, basi mkagawana. Huyu alitoka na mawili, yule na mawili, mwingine na moja analoling'ang'ania asilidondoshe, mkayakusanya pale benchini, mkayapanga, mkayatia mdundo wa mchakamchaka. Watu wenye vichwa vilivyopasuliwa na mabomu, mmekaa mnaunganisha kumbukumbu moja kwa nguvu za wote! Kama isingekuwa kilio tungeiita akili.

Uliuimba wimbo huo bafuni. Uliuimba ukikata kucha. Boliti aliurukia kamba. Mkeo alikuuliza, "Wimbo gani huu hauna kichwa wala miguu?" Ukamjibu, "Wa kazini, Bosi." Maneno yenyewe hatuyaandiki hapa, na wala hatumtaji mtu.

Ukafaulu kuliko wote. Afisa alikupa mkono. Kamanda aliisoma karatasi pale koridoni, akakuangalia.

"Jana hukukumbuka kama umeshakunywa chai," alisema.

Ukasimama wima, ukampigia saluti. "Nimefaulu, Kamanda. Naomba ruhusa."

Hakuwa na uwezo wa kuinyima. Taratibu zilisema aliyefaulu anampisha mwingine. Alimvuta mkeo pembeni akamwomba uwe unapita hata bila karatasi, jioni, akiwa amemaliza wengine. Ulipoambiwa ulisema aliyepona harudi wodini.

Tulisherehekea, ndiyo. Soda zilinywewa, shemeji yako alifungwa drafti, mama alicheza akiwa amekaa. Asubuhi yake ulifungua mlango wa jikoni, ukaona chupa zimejaa pale chini, ukamuuliza mkeo nani alikuja jana.

Mkeo alivuta kiti akakaa. Akakubana mpaka ukamwambia yote, tena ukiwa unacheka, ukimwonyesha mlivyokuwa mnagonga mdundo kwa vidole kwenye benchi. Hakucheka. Alikuomba urudi ukaseme ukweli. Alikuomba kwa upole, akakuomba kwa ukali, akakuomba amekushika mikono yote miwili.

"Nikisema, Bosi, nawachoma wote," ukamwambia. "Watafutiwa karatasi zao. Kuna mwenye watoto watano pale."

"Na wewe una mmoja."

"Nami ninarudi kazini kwa ajili yake."

Ungekuwa mtu mbaya, mkeo angekushinda hapo. Ulikuwa mtu mwema, ukamshinda.

Gereji walikupokea kwa shangwe. Tunajua ulikuwa na furaha, na tunaishukuru furaha hiyo ingawa ilikuwa fupi. Ulirudi na grisi mpaka masikioni, unapiga mluzi kwa meno, unaomba sukari na sabuni ya unga. Ulirudi pia na kichwa kinauma, macho mekundu, umesahau ulikopaki, umesahau ulichotumwa. Mkeo alikuwa anakupigia simu mchana na kukuuliza, "Unatamka?" Unamjibu, "Natamka." Wenzako wanasema hukuwa unatamka. Uliona haya, maana nani anasimama katikati ya gereji akijisemea peke yake, na watu walishawahi kukuita mvutaji?

Siku yenyewe palikuwa na kelele, mtu anakata bati, mwenye lori amesimama anaangalia saa. Ulizuia magurudumu. Uliinua. Fundi rangi akakuita umsaidie kufungua mfuniko wa kopo lake, ukaenda, ukamfungulia kwa bisibisi, mkataniana. Ukarudi ukalala, ukajisukuma ndani, jeki ikateleza. Stendi ulikuwa umezileta mwenyewe, ziko ubavuni mwa gurudumu, mkono ungezifikia. Fundi rangi aliziona. Anasema alidhani unajua unachofanya, kwa sababu wewe ndiwe uliyewafundisha wote pale kwamba jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Amekuja kwetu mara nyingi mwaka huu. Anakaa, anakunywa maji, anaondoka.

Msibani walisema uzembe. Wengine walisema pombe, wewe ambaye hata soda ilikupandisha kichwa! Makao makuu walimwandikia mkeo pole fupi na nzuri, wakaeleza kwamba kwa mujibu wa vipimo ulikuwa mzima kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe hata kilio hakikukuumbua, Spana. Umezikwa mzima. Mkeo hakutaka chochote kwao zaidi ya sentensi moja iseme kwamba mumewe alikuwa mgonjwa na kwamba hakufa kwa kutojali. Hawezi kuidai bila kulitaja benchi, na benchi ulilifia.

Tungependa kukuandikia kwamba kimebadilika kitu. Mama alitaka tuseme hivyo, upumzike. Lakini hatujawahi kukudanganya ukiwa hai.

Juma lililopita mkeo alikwenda kule hospitalini. Alisema mwaka hautimii kabla hajawaambia wale wanaume wasifanye ulivyofanya wewe. Alimkuta Kamanda kwenye idara nyingine kabisa, anaandikisha wagonjwa wa meno. Kile chumba kimefungwa. Wakubwa walitazama matokeo, wakaona kila anayepimwa amefaulu, wakauliza kitengo cha nini tena kama watu wamepona? Vitanda vibovu vimerudishwa. Kamanda alimweleza bila kulia, kisha akamwomba radhi, na mkeo akamwambia hana la kuombea radhi.

Kipimo lakini kipo, maana waajiri bado wanataka karatasi. Na benchi lipo, na watu wapo. Mkeo alisimama mbele yao akasema yeye ni mke wa Spana. Wakainuka wote. Akawaambia yote, kuanzia wimbo mpaka stendi. Akawaambia, "Koseeni. Nawaomba. Mkikosea wataona kwamba bado mnaumwa." Walimsikiliza wameinamisha vichwa, kwa heshima kubwa.

Kisha mmoja, shati amelifunga vifungo vikaenda upande, akamuuliza kwa upole, "Nikikosea, shemeji, watanipeleka wapi?"

Mkeo akatazama mlango wa stoo.

"Nikikosea sina tiba na sina kazi," yule mtu akasema. "Angalau nipate kimoja. Wenzangu wamenitajia yale maneno tangu asubuhi, kila nikifika katikati yananitoka. Wewe uliishi na Spana. Unayajua?"

Aliyajua. Aliyasikia bafuni, aliyasikia kwenye kamba ya Boliti, na mwaka mzima huu yamekuwa yakimjia akiosha vyombo. Alitusimulia haya amesimama, hakuvua hata mtandio. Alisema alitaka kuondoka. Lakini mtu alikuwa anaumwa mbele yake, na dawa ilikuwa imefungiwa nyuma ya vitanda vibovu.

Akakaa benchini, labda mahali pako wewe, akamtajia moja baada ya jingine, akimgongea mdundo gotini. Yule mtu akakosea. Mkeo akaanza tena tangu mwanzo, mpaka mwenzake akayapata yote. Akaitwa ndani, na mkeo akamtengenezea vifungo vya shati kabla hajaingia.

Anayekukumbuka ni mama yako, ambaye bado anatangaza "Nakaa" na kusubiri ajibiwe. Ni mkeo, Bosi. Ni binti yako Boliti. Ni dada yako aliyeandika, na shemeji yako ambaye drafti ameifungia kabatini. Ni wenzako wa gereji, na fundi rangi pamoja nao.

Hatuna cha kukuahidi, Spana, ila hiki: maadamu mmoja wetu ana kichwa kinachokumbuka, humo utakaa daima.